Watoto wa Mama Omena wako hai: barua ya wazi kwa waandalizi na majaji wa mashindano ya picha Nairobi

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, na kwa Jopo la Majaji,

KUH: MAELEZO YALIYO CHINI YA PICHA ILIYOSHINDA

Waheshimiwa,

Mimi ni mpigapicha wa Mlango Kubwa, Mathare. Kibanda changu ni cha mabati, kina taa mbili, pazia jeupe, pazia la buluu na printa moja. Napiga pasipoti, harusi, ubatizo na mazishi. Kazi hii niliianza miaka kumi na tisa iliyopita katika uwanja wa KICC, jumba refu la mikutano la Nairobi, nikiwapiga wageni waliotoka mashambani huku jumba lile likionekana nyuma yao, picha inachapwa wakisubiri. Sijawahi kushinda shindano lolote, na kwenye lenu sikutuma kitu. Nawaandikia kwa ajili ya picha mliyoipa nafasi ya kwanza, na hasa kwa ajili ya mistari mitatu iliyobandikwa chini yake.

Jina la shindano lenu sitalitaja, wala la mpigapicha. Yeye ni kijana mwenye kipaji. Kosa analo, lakini nyinyi ndio mliolipiga muhuri. Nimewaandikia mara mbili kwa faragha. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa sentensi mbili: kwamba faili ghafi ya picha, kama ilivyotoka kwenye kamera, ilikaguliwa na mtaalamu, hakuna kilichoongezwa wala kuondolewa, na kwamba uamuzi wa majaji ni wa mwisho. Ndiyo maana leo naandika hadharani.

Picha yenyewe ni nzuri, na nitakuwa mwongo nikisema vinginevyo. Mwanamke ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, jiko la mawe matatu liko miguuni pake, nyuma yake mabati yamekunjika kama karatasi. Machozi yamemtiririka hadi kidevuni na mwanga wa asubuhi umeyashika. Mpigapicha alichuchumaa, akaiweka lenzi usawa wa macho ya yule mama, badala ya kumpiga kutoka juu kama wengi wanavyotupiga wakija huku. Ningekuwa nimeipiga mimi, ningeitundika kibandani na kuwaita majirani waje waione.

Maelezo yake yanasema ni mjane wa Mathare akiwaomboleza watoto wake wawili waliosombwa na mafuriko ya Aprili 2024.

Mwanamke huyo namjua. Mtaa mzima humwita Mama Omena kwa sababu ya biashara yake ya omena, wale samaki wadogo wa ziwani, nami nitamwita hivyo hivyo kwa ruhusa yake. Barua hii nimemsomea yote kabla ya kuituma. Si mjane. Mumewe ni bawabu wa usiku Industrial Area, na saa ile ya picha alikuwa njiani akirudi kutoka kazini. Watoto wake wawili wako hai. Nyuso zao ziko kwenye kompyuta yangu, kwa sababu niliwapiga pasipoti za shule Januari mwaka huo huo. Yule mdogo alikataa kabisa kufunga mdomo: alikuwa ameng'oka jino na alitaka pengo lionekane.

Mto Mathare ulifurika kweli mwishoni mwa Aprili 2024. Watu walikufa, hapa kwetu na kwingineko. Tarehe 29 mwezi huo maji yalishuka Mai Mahiu usiku yakawakuta watu wamelala. Msiba ule si wa kupunguzwa na mtu yeyote, na mimi siupunguzi. Lakini nyumba ya Mama Omena haikuchukuliwa na mto. Maji yaliingia yakafika magotini, yakatoka, naye akashinda siku mbili akizoa matope kwa sufuria. Nyumba ilianguka Mei, baada ya serikali kuamuru watu wote walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, na matingatinga yakashuka bondeni. Picha ilipigwa asubuhi iliyofuata ubomozi. Mama Omena alikuwa ameketi mahali palipokuwa mlango wake, anakaanga omena, kwa sababu wateja wake nao walikuwa wamelala nje na walihitaji kula. Kuni alizokuwa akichochea zilikuwa mbao za nyumba yake mwenyewe, zimelowa mvua. Aliniambia hivi: "Fundi, uchungu nilikuwa nao. Lakini machozi yale yalikuwa ya moshi."

Mpigapicha yule alimpiga picha kwa dakika kumi hivi, akamsalimia vizuri, akanunua omena za shilingi hamsini, akaenda. Hakumuuliza kama ana watoto.

Sasa naomba muitazame tena picha hiyo, kona ya chini upande wa kushoto. Kuna alama mbili sambamba kwenye matope, zenye meno. Ni alama za minyororo ya tingatinga. Mtu yeyote aliyekuwa bondeni mwezi ule anazijua, na zimo ndani ya picha mliyoitazama duru baada ya duru kwenye skrini kubwa. Mto haukunji bati namna ile. Mto hulibeba ukaliacha Korogocho. Ukweli wote ulikuwa umekaa ndani ya fremu ukisubiri jaji mmoja aulize, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu maelezo yalikuwa yameshawaambia mnachotazama.

Usiku wa tuzo, mmoja wenu alisimama akasema picha hii ni sura ya mabadiliko ya tabianchi nchini Kenya. Nilikuwa nimesimama nyuma ya ukumbi nikasikia makofi. Amri ya serikali ilikuwa imegeuzwa mvua kwa mistari mitatu. Walioitoa amri ile wangeweza kuja kwenye maonyesho yenu, wakaitazama picha, wakasikitika pamoja na wageni wengine, na hakuna kitu ukutani kingewahusu.

Nitawaeleza yaliyotokea mtaani, maana ukumbini hamkuyaona.

Picha ilipotangazwa ilisambaa kwenye WhatsApp. Siku ya pili ikafika Siaya. Mama mkwe wa Mama Omena, ambaye hajui kusoma, alisomewa na jirani kwamba wajukuu wake wawili walisombwa na maji na kwamba mwanawe naye ni marehemu, kwa kuwa mjane ni mtu aliyefiwa na mume. Alianguka. Majirani walianza kukusanyika bomani, viti vikaletwa, mtu akaenda kutafuta hema la matanga. Hapa Nairobi simu ya Mama Omena ilikuwa imezima chaji. Saa sita nzima familia ile iliomboleza watu watatu walio hai. Mwishowe mumewe alipatikana kwa simu ya mlinzi mwenzake, na mama yake alikataa kuamini kwamba sauti anayoisikia ni yake.

Kisha chama chake, kile cha wanawake wa mtaa wanaochanga pesa. Wanawake wenzake kumi na wanane walimwita kikao wamuulize ni nani aliyemlipa aseme watoto wake wamekufa, na pesa ziko wapi. Walikuwa wamesoma kwamba mshindi amepata zawadi, nao hawakuona namna mtu anavyoweza kuandikwa mjane gazetini bila yeye mwenyewe kusema. Alitoka kwenye chama kile. Mtoto wake mkubwa aliitwa "marehemu" shuleni kwa muhula mzima. Mdogo, yule wa pengo, alimuuliza mamake kama ni kweli aliwahi kufa akarudi.

Hakuna kompyuta inayoweza kuyapima haya kwa kukagua faili. Na hapa ndipo ninapotofautiana nanyi kabisa, si kwa picha hii tu.

Ninajua mnachokiogopa. Tangu Aprili 2023, Boris Eldagsen wa Ujerumani alipoikataa tuzo ya Sony World Photography Awards na kueleza kwamba picha aliyotuma ilitengenezwa kwa akili unde, kila mwandalizi wa mashindano amekuwa akilala jicho moja wazi. Kabla ya hapo ilikuwa Photoshop. Mwaka 2015 World Press Photo, shirika la Uholanzi la mashindano ya picha za habari lililoanza mwaka 1955, liliziondoa takriban picha moja kati ya tano zilizofika duru ya kabla ya mwisho kwa sababu zilikuwa zimechezewa. Kwa hiyo mmejifunza kudai faili ghafi, mnailinganisha na ile iliyotumwa, mnatafuta alama za kufuta na kubandika. Ni kazi njema na msiiache. Lakini mmeifanya kuwa kazi yote.

Fikirieni kisa cha Stepan Rudik wa Ukraine. Mwaka 2010 alinyang'anywa tuzo ya World Press Photo kwa sababu alifuta ncha ya mguu wa mtu iliyokuwa ikichungulia nyuma ya mkono kwenye picha yake. Sheria ni sheria, na aliivunja. Mguu ule haukubadilisha maana ya picha hata chembe, ila aliondolewa. Huyu wenu hakufuta hata doa la matope. Aliongeza vifo vitatu kwa maneno, na akapewa nafasi ya kwanza.

Nimekaa nikaipitia historia ya tuzo zilizofutwa duniani, usiku, baada ya kufunga kibanda. Zile zinazouma zaidi hazikuwa na tatizo lolote kwenye faili. Mwaka 2009 José Luis Rodríguez wa Uhispania alishinda Wildlife Photographer of the Year, shindano la Natural History Museum ya London, kwa picha ya mbwamwitu akiruka lango la mbao usiku. Picha halisi, mnyama halisi, lango halisi. Januari 2010 tuzo ilifutwa, kwa sababu majaji waliamini mnyama yule alikuwa wa kufugwa na kufunzwa, si wa mwituni. Mwenyewe alikana. Shindano hilo hilo, mwaka 2017, lilimtuza Marcio Cabral kwa picha ya mnyama wa Brazil mwenye pua ndefu anayekula mchwa kwenye kichuguu kinachong'aa gizani. Mwaka uliofuata wanasayansi watano walilinganisha manyoya, madoa na mkao wa mnyama yule na mnyama aliyekaushwa na kujazwa aliyekuwa akionyeshwa langoni mwa Hifadhi ya Emas, wakakubaliana ni yule yule. Huyu naye alikana, tuzo ikaondolewa. Kote kuwili kamera ilirekodi kwa uaminifu kilichokuwa mbele yake. Uongo ulikuwa kwenye hadithi iliyosindikiza picha.

Kisa kinachofanana zaidi na chetu ni cha Giovanni Troilo, Mwitaliano. Mwaka 2015 alipata tuzo ya World Press Photo kwa mfululizo wa picha kuhusu mji wa Charleroi, Ubelgiji, akiuonyesha kama mahali pa giza na kuoza. Meya wa mji huo, Paul Magnette, aliandika barua akisema mji wake umesingiziwa. Mwanzoni waandalizi waliipitia kazi ile wakaiacha tuzo ilipo. Kisha ikabainika kwamba picha mojawapo haikupigwa Charleroi kabisa. Ilipigwa Molenbeek, Brussels. Machi mwaka huo tuzo ikafutwa. Jina la mahali peke yake, likiwa si la kweli, lilitosha. Charleroi ilikuwa na meya wa kuiandikia barua. Mama Omena ana mimi, mpiga pasipoti, na ndiyo maana sitanyamaza.

Mliniambia uamuzi wa majaji ni wa mwisho. Picha ya watoto wanaokimbia mabomu ya moto Vietnam, ya mwaka 1972, ilipata tuzo kuu ya World Press Photo mwaka 1973. Mei 2025, zaidi ya miaka hamsini baadaye, waandalizi wale wale walilisimamisha jina la mpigapicha lililokuwa limeandikwa chini yake, baada ya mashaka kuibuka juu ya nani hasa aliipiga. Picha ikabaki na heshima yake, jina likawekwa kando. Kama hilo linawezekana kwa picha inayojulikana dunia nzima, karatasi iliyobandikwa ukutani hapa mjini nayo inaweza kubadilishwa.

Kuna picha nyingine sharti niitaje, ijapokuwa inaniumiza kuifikiria. Machi 1993 Kevin Carter wa Afrika Kusini alipiga picha Ayod, nchi ambayo sasa ni Sudan Kusini: mtoto ameinama chini kwa njaa, tai nyuma yake. Mwaka 1994 picha ilipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari ya Marekani, na miezi michache baadaye Carter alijiua. Watu wengi walidhani ni msichana, wengi waliamini alikufa pale pale. Ilichukua hadi 2011 waandishi wa Uhispania kufika kijijini na kuelezwa na babake kwamba alikuwa mvulana, kwamba alinusurika njaa ile, na kwamba aliugua homa akafa akiwa amekua, miaka mingine mingi baadaye. Miaka 18 dunia iliubeba uso wa mtoto huyo bila kujua kama alivuka jioni ile. Simhukumu Carter. Nasema kwamba ilikuwa kazi ya mtu fulani kuuliza, na kila aliyeishika picha ile alidhani kazi hiyo ni ya mwingine.

Nanyi vilevile. Mpigapicha alidhani majaji watapenda. Majaji walidhani mpigapicha anajua. Mkaguzi wa faili alikagua faili.

Najua mtakavyonijibu, kwa kuwa baadhi ya wenzangu walio karibu nanyi wameshanijibu. Kwamba majaji huhukumu bila kujua picha ni ya nani, ili kusiwe na upendeleo, na kumpigia simu mtu aliye pichani kutavunja siri hiyo. Si kweli. Aliyefichwa ni mpigapicha. Mumpe karani mmoja wa kamati, asiyehukumu, namba za simu za watu walio kwenye picha zinazofika fainali. Fainali zenu zilikuwa na picha ishirini. Simu ishirini ni kazi ya asubuhi moja, na salio lake ni chini ya gharama ya maua yaliyokuwa mezani usiku wa tuzo. Mtu asomewe maelezo kwa lugha anayoielewa, Kiswahili au Kijaluo au Kisomali, kisha aulizwe: haya ni kweli? Mama Omena angejibu kwa pumzi moja.

Wengine husema hili litaua upigaji picha wa matukio. Hapo nakubali kuna uzito, na sitaki kupita haraka. Juni 25, 2024, vijana waandamanaji walipoingia bungeni, wapigapicha wa mji huu walikuwa Parliament Road katikati ya vitoa machozi na risasi. Hakuna aliyeweza kumsimamisha mtu anayekimbia amuulize jina. Na hata angeweza, wiki na miezi iliyofuata vijana walitekwa majumbani na barabarani. Kuandika jina la mwandamanaji chini ya picha kungekuwa kumkabidhi kwa watekaji. Luis Tato wa shirika la habari la AFP alipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2025 kwa picha za maandamano yale, na nafurahi kazi ile imetambuliwa. Kwa picha za namna hiyo sidai jina wala namba. Nadai maelezo yaishie pale jicho lilipoishia. Andika: mwandamanaji akikimbia moshi, Parliament Road, tarehe fulani. Usiandike kwamba ni yatima, kwamba ni kifungua mimba wa mama maskini, kama hukuambiwa. Aliyechuchumaa dakika kumi mbele ya mama anayekaanga omena, na akanunua, hana udhuru wa mtu aliyekuwa akikwepa risasi.

Na wapo wanaotaka kutunga: kumvika mtu, kumpanga, kumpaka unga, kujenga nyumba ya karatasi na kuiwasha. Wafanye. Wapeni kundi lao, na picha iandikwe imetungwa. Nimeona kazi za vijana wa Nairobi za aina hiyo zinazonifanya nitake kuuza printa nianze upya.

Kuhusu sheria nitasema machache, maana mna mawakili. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ni ya mwaka 2019, na ina meno: mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya burudani shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila kumuuliza. Fomu yenu ya kujiandikisha ina kisanduku cha kuthibitisha kwamba mtumaji ana idhini ya mtu aliye pichani. Kilitiwa tiki. Mama Omena hakuulizwa kitu, na hakuna aliyeomba kuona idhini hiyo.

Lakini sitaki mwishie kwa mawakili. Kabla sijaandika barua hii nilimuuliza Mama Omena anataka nini. Nilidhani atataja sehemu ya zawadi, na ningemuunga mkono. Alisema: "Pesa ni yake, alipiga picha. Mimi nataka waandike watoto wangu wako hai, na waandike nyumba ilibomolewa na nani." Haya ya pili aliyarudia mara mbili.

Ng'ambo ya Juja Road, dakika chache kwa miguu kutoka kibandani kwangu, ni Eastleigh, alikozaliwa mpigapicha Mohamed Amin mwaka 1943. Nilipoanza kazi, mzee aliyenifunza kushika kamera alikuwa akimtaja kila siku. Oktoba 1984 Amin alikwenda Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC, na picha zao za njaa ziliifanya dunia ifungue ghala zake. Mzee wangu alikuwa akisema nguvu ya picha zile ilikuwa kwamba hakuna aliyeweza kuzibishia: mahali palijulikana, siku ilijulikana, njaa ilikuwa pale na vita vilikuwa pale. Serikali iliyotaka kuificha njaa ile haikupata ufa wa kupenya. Picha ya Mama Omena, kwa maelezo mliyoyakubali, ina ufa mkubwa. Siku atakaposimama mahakamani kudai fidia ya nyumba yake, wakili wa upande wa pili anaweza kuleta picha yenu iliyoshinda tuzo aonyeshe kwamba, kwa ushahidi wa wataalamu, nyumba ilichukuliwa na mto.

Ninachowaomba ni hiki. Maelezo yahukumiwe pamoja na picha, kwa uzito ule ule, na yakipatikana ya uongo picha ianguke hata kama faili yake ni safi kama maji ya kisima. Kabla ya kutangaza mshindi, mtu aliye pichani apigiwe simu. Kwenye jopo awepo angalau mtu mmoja anayeishi mahali pa aina ile inayopigwa picha kila mwaka. Mlikuwa majaji watano, na alama za tingatinga hazikuonwa na hata mmoja. Na tuzo hii ifutwe hadharani, kwa herufi kubwa kama zile mlizotumia kuitangaza, kisha barua iende Siaya kwa mama mkwe, aisomewe na mtu wenu mwenye kitambulisho chenu, kwa kuwa sasa akisomewa na jirani haamini.

Kijana mwenyewe msimharibie maisha. Mleteni kwangu. Nitampeleka kwa Mama Omena, wazungumze.

Maonyesho yenu yanafungwa mwisho wa mwezi. Kibandiko kilicho chini ya picha ni cha karatasi ngumu, sentimita kumi na tano kwa nane. Nimekipima kwa rula nilipokuja Jumamosi. Nimechapa kingine cha ukubwa huo huo, herufi zile zile, nikakiacha kwa askari wa langoni kwenye bahasha yenye jina la Mwenyekiti. Mama Omena ameyasikiliza maneno yake na kuyakubali. Yanasema:

*Mfanyabiashara wa omena akiwapikia majirani mahali palipokuwa nyumba yake, Mathare, Nairobi, Mei 2024. Nyumba ilibomolewa siku moja kabla, kwa amri ya serikali ya kuwaondoa wakazi wa kando ya mto. Mumewe na watoto wao wawili wako hai.*

Wenu,
Mpigapicha wa Mlango Kubwa, Mathare